Pindo lile lilikuwa tamvua

"Mwalimu, kumbe Mafarisayo nao walikwenda kwa waganga?" Mwanafunzi mmoja aliniuliza hivyo tulipokuwa tukisoma Mathayo 23:5 katika Biblia ya Union: "hupanua hirizi zao, huongeza matamvua yao."

Simlaumu. Kwetu hirizi ni kile kinachovaliwa shingoni au kiunoni kuzuia husuda na majini. Mathayo anataja tefilini, vijisanduku vya ngozi ambavyo Myahudi hujifunga kwa mikanda wakati wa sala, kimoja mkononi, kingine juu ya paji la uso. Ndani mna maandiko ya Torati, yakiwemo ya Kumbukumbu la Torati 6:4-9. Za zama zile zimepatikana katika mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi.

Ila linalonigusa zaidi ni hilo neno la pili. Matamvua kwa Kigiriki ni kraspedon, na neno hilohilo limo katika Mathayo 9:20, habari ya mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Pale wafasiri wetu wakaliita pindo. Msomaji wa Kiswahili akisikia pindo huwaza kanga, au mshono wa chini wa kanzu. Kraspedon yaweza kuwa hivyo pia, lakini kwa vazi la Myahudi mshika Torati tunajua kulikuwa na nini pale. Darasani huchukua kikoi, nikawashikisha zile nyuzi zilizosokotwa zinazoning'inia mwishoni. Hesabu 15:38 inaagiza vishada kama hivyo katika ncha za nguo, kila kimoja kikitiwa uzi wa rangi ya samawi, ili mtu akivitazama ayakumbuke maagizo yote ya Mungu. Yesu aliyavaa matamvua hayo. Alichokemea ni kuyarefusha ili watu waone.

Sasa mtazame yule mama. Kwa Mambo ya Walawi 15, aliyegusa kitanda chake alipaswa kufua nguo na kuoga, akawa najisi hata jioni. Unajisi huo si dhambi, na wahubiri wengi huvichanganya. Lakini kwa miaka 12 kila aliyemkaribia alikuwa na hesabu ya kufanya. Mkono wake unapita katikati ya umati, unakwenda kuushika uzi wa kukumbusha maagizo, yakiwemo yaleyale yaliyomweka kando. Naye Yesu anamwita "Binti".

Kuna jambo jingine. Kwa Kiebrania ncha ya vazi ni kanaf, na kanaf ni bawa pia. Malaki 4:2 inaahidi jua la haki lenye kuponya katika mbawa zake. Waandishi wa Injili hawaunukuu mstari huo hapa, kwa hiyo siwaambii wanafunzi kwamba ndio uliokuwa moyoni mwa yule mama. Lakini aliyekulia katika sinagogi, akisikia mtu ameponywa kwa kugusa kanaf, naamini sikio lake lilisimama. Zekaria 8:23 nayo huona watu kumi wa mataifa wakiishika kanaf ya Myahudi mmoja, wakiomba kwenda naye kwa kuwa wamesikia Mungu yu pamoja naye.

Marko 5:27 hutaja vazi tu. Ni Mathayo na Luka wanaotuonyesha tamvua. Ukifika Mathayo 14:36, wagonjwa wa Genesareti wakiomba waguse hata pindo la vazi lake, yasome matamvua. Wao walikuwa wakiyaona yakining'inia.