Je, wajua kwa nini kufomati diski hakuondoi paswedi ya seva?

Fundi wa zamani kaondoka na paswedi kichwani, wewe ukachomeka flashi ukapiga Linux upya, diski nyeupe kabisa, halafu ukifungua ule ukurasa wa kuiendesha seva ukiwa mbali bado unaambiwa paswedi siyo. Inakuwaje?

Iko hivi, ndani ya seva mna kompyuta nyingine ndogo inaitwa BMC, imekaa kwenye mazabodi, ina prosesa yake, memori yake na mara nyingi tundu lake la kebo ya netiweki. Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO, Oracle ILOM. Seva ukiizima ila waya wa umeme ukabaki umechomekwa, hako kadogo kako macho tu, ndo maana mtu anawasha seva akiwa kitandani kwake. Na paswedi inatunzwa kwenye chipu ya hapo hapo, diski haihusiki kabisa. Wanaokimbilia kuchomoa betri ya saa nao kwa kawaida wanachosha vidole tu, hiyo chipu haihitaji umeme ili ikumbuke.

Sasa unatokaje? Kama Linux inawaka na wewe ndo root, yaani yuza mwenye mamlaka yote, weka programu ya ipmitool, andika ipmitool user list 1 uone mayuza, halafu ipmitool user set password 2, hiyo 2 ni namba ya yuza, kwenye seva nyingi ndo adimini. Paswedi ya zamani hata haikuulizi! Amri haijapita netiweki, imepita ndani kwa ndani kwenye mazabodi, na BMC inamhesabu root kama mwenye nyumba, labda kama aliyekutangulia aliifunga njia hiyo.

Bila root unaenda kwenye chuma chenyewe. Dell unabonyeza F2 ikiwa inawaka, unaingia mipangilio ya iDRAC na kuirudisha ilivyotoka kiwandani. HPE wana viswichi vidogo kwenye mazabodi, kimojawapo kinailegeza iLO isiulize paswedi. Ila mimi naipenda zaidi ya Oracle: unachomeka kebo ya siriali, unaingia kwa jina default na paswedi defaultpassword, dunia nzima inaijua, lakini haikubali mpaka ubonyeze kitufe cha Locate kilicho mbele ya seva, na kitufe hakibonyezeki kwa intaneti hata uwe haka wa namna gani.

Ukishairudisha ya kiwandani badilisha haraka, maana Dell za zamani zote jina ni root na paswedi ni calvin. Na usiiache BMC wazi kwenye intaneti, IPMI 2.0, yaani lugha ya kuongea na BMC, ina udhaifu wa kumpa anayebisha hodi hashi ya paswedi, yaani paswedi iliyofichwa kwa hesabu, kabla hajathibitishwa, akaenda kuivunja taratibu kwake. Hiyo paswedi mpya isizidi herufi 20, IPMI haibebi zaidi ya hapo.