Kusini mwa Ulaya: anza na jiwe, historia itakuja yenyewe

Swali ninaloulizwa sana na ndugu, marafiki na hata watu wa magrupu ya WhatsApp ambao siwajui vizuri ni hili: tukienda kusini mwa Ulaya tuangalie mandhari au tuangalie magofu, maana hela ya vyote viwili hatuna. Mimi ni mjiolojia, mawe ndiyo yananilisha, kwahiyo jibu langu ni kwamba kule huwezi kuvitenga hata ukitaka. Mlima uliotoa moto ndo uliotoa saruji ya kujengea hekalu, na bahari iliyoleta utajiri ndo iliyokuja kuufunika mji. Ukijua umesimama juu ya jiwe gani, nusu ya maelezo ya mwongoza watalii unayajua kabla hajafungua mdomo.

Chanzo cha haya yote ni Afrika. Bamba la ardhi la Afrika, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia kilichoibeba Afrika, linasogea kaskazini na kuibana Ulaya, milimita chache tu kwa mwaka, lakini limefanya hivyo kwa mamilioni ya miaka na matokeo yake ndo milima, volkano na matetemeko kuanzia Ureno mpaka Ugiriki. (Sisi wa mashariki ya Bonde la Ufa tuna bamba letu linalojitoa pembeni, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Ningekuwa na nafasi ya kukupeleka sehemu moja tu ningekupeleka Napoli, Italia, na sio kwenye magofu ya Pompeii kwanza. Ningekupeleka Pozzuoli, mji mdogo wa pwani magharibi ya Napoli ambao watalii wengi hawaujui, katikati yake kuna soko la Warumi ambalo watu wa zamani walidhani ni hekalu la mungu Serapis na jina likabaki hivyo hivyo. Pale zimesimama nguzo tatu za marumaru. Zitazame vizuri: sehemu ya chini ni laini, halafu ukipandisha macho unakuta ukanda mpana umetobolewa vitundu vingi sana, na juu ya hapo marumaru inakuwa nzima tena. Vile vitundu vimetobolewa na kome wa baharini, yule anayetoboa jiwe. Maana yake soko lilijengwa nchi kavu, likazama baharini mpaka juu huko, sehemu ya chini ikiwa imefukiwa na udongo ndo maana haikutobolewa, halafu likainuka tena na nguzo zikiwa bado wima! Mjiolojia Charles Lyell alizipenda nguzo hizi mpaka akaweka mchoro wake mwanzoni mwa kitabu chake cha 1830, kwasababu zinaonyesha kwamba ardhi inapanda na kushuka, na inaweza kufanya hivyo polepole bila kuangusha kila kitu.

Na bado inapanda. Pozzuoli iko katikati ya Campi Flegrei, volkano kubwa isiyokuwa na umbo la mlima, ni kama bonde pana lenye vilima vidogo vidogo na watu wanaishi humo ndani kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1538 kilima kizima, Monte Nuovo, kiliota pale kwa muda wa wiki moja hivi. Kati ya 1982 na 1984 ardhi ya mji ilipanda karibu mita 1.8, na tangu 2005 imeshapanda tena zaidi ya mita moja, na matetemeko madogo ni kitu cha kawaida kwa wenyeji. Upande wa pili wa ghuba kuna Baia, ambako matajiri wa Roma walikuwa na majumba yao ya kupumzikia, na kule ardhi ilishuka ikabaki chini, kwahiyo sasa unapanda boti yenye sakafu ya kioo au unazamia kabisa na kuona sakafu za vigae vya rangi zikiwa chini ya maji na samaki wanapita juu yake. Kiukweli sijui kwanini watu wanapanga foleni masaa mawili kwenye vitu vingine wakati hiki kipo.

Majivu ya hapo hapo Pozzuoli ndo siri ya zege la Warumi. Waliyachanganya na chokaa wakapata zege linaloganda hata ndani ya maji ya chumvi, wakajengea bandari. Na kwa zege la namna hiyo, lenye majivu ya volkano, wakajengea kuba la Pantheon, hekalu la kale kule Roma, upana wa mita 43 hivi, limesimama tangu karne ya 2 bila nondo hata moja na mpaka leo ndo kuba kubwa kuliko yote duniani la zege lisilo na chuma ndani. Ukiingia inua kichwa uangalie lile tundu la katikati, lakini kumbuka pia kwamba kadri kuba linavyopanda ndivyo mawe yaliyochanganywa kwenye zege yanavyozidi kuwa mepesi, kule juu kabisa walitia mawe ya volkano yenye matundu, yale yanayoelea majini. Hao mafundi walikuwa wanajua jiwe kuliko wengi wetu tuliosoma.

Pompeii nenda, sikukatazi. Mwaka 79 baada ya Kristo volkano ya Vesuvius ililipuka na kuufunika mji, uchimbaji ulianza 1748, na karibu theluthi moja bado iko chini ya ardhi. Lakini ukiwa na siku moja tu na jua ni kali, nenda Ercolano, ambako kuna magofu ya mji wa Herculaneum. Pompeii ilinyeshewa mawe mepesi na majivu, mapaa yakaelemewa yakaanguka. Herculaneum ilipigwa na wingu la gesi na majivu yenye joto la kutisha, likazikausha mbao zikawa mkaa papo hapo halafu likaufukia mji chini ya mita kama 20. Ndo maana kule unaona milango, vitanda, ngazi za mbao na ghorofa za juu, vitu ambavyo Pompeii vimepotea. Ni padogo, pana kivuli cha kutosha kiasi, na ni treni ile ile inayotoka Napoli, ila ilinde simu yako humo ndani ya treni.

Etna iko mbali kidogo, Sicily, inazidi mita 3,300 na ndo volkano hai ndefu kuliko zote Ulaya. Mji wa chini yake, Catania, umejengwa kwa jiwe jeusi la lava ile ile iliyokuja kuufuata mwaka 1669, na katikati ya mji kuna sanamu ya tembo wa lava. Unakula, unapiga picha tembo, unapanda mlima. Siku mbili zinatosha.

Sasa Santorini, kisiwa cha Ugiriki. Najua mnaipenda kwa ajili ya picha za nyumba nyeupe na jua likizama, na ukweli ni kwamba kule kijiji cha Oia wakati wa jua kuzama wakati wa joto hutaona jua, utaona migongo ya watu. Kile kisiwa ni ukingo wa volkano iliyojimeza yenyewe miaka kama 3,600 iliyopita, yaani unakaa kwenye mdomo wake na bahari iliyo mbele yako ndo tumbo lake. Tazama ule ukuta wa mwamba ukiwa kwenye boti: mistari myeusi, myekundu na myeupe, kila mmoja ni mlipuko wake. Halafu nenda Akrotiri, mji wa kale uliofukiwa na mlipuko ule, umechimbwa tangu 1967 na sasa uko chini ya paa. Haikupatikana maiti. Inaonekana watu waliondoka kabla, matetemeko yaliwashtua. Mwanzoni mwa 2025 matetemeko mfululizo yaliwafanya maelfu ya watu wakiondoke tena kisiwa hicho, kwahiyo fuatilia habari kabla ya kulipia hoteli.

Ukiwa Ugiriki tayari, panda basi mpaka Kalambaka uone Meteora. Ni minara ya mwamba uliofanyika kwa kokoto na mchanga wa mto wa kale vilivyoshikana, na watawa wa karne ya 14 waliona hapo ndo pa kumuabudu Mungu bila usumbufu wa majeshi, wakajenga nyumba za utawa juu kabisa na kupandishana kwa kamba na nyavu. Zinazofanya kazi leo ni sita. Wanawake sketi, wanaume suruali ndefu, msibishane na watawa mlangoni.

Kwa wapenda maji kuna Plitvice ya Kroatia, maziwa 16 yanayomwagikiana. Maji ya pale yamebeba chokaa, na yakipita kwenye mimea laini inayoota juu ya mawe yanaiacha ile chokaa, sawa na ule ukoko mweupe ndani ya birika la maji ya kisima, basi miaka na miaka ukoko unakuwa bwawa. Yaani kuta zinazozuia maziwa yale zinajijenga zenyewe mpaka leo, ndo maana kuogelea ni marufuku na unatembea kwenye njia za mbao.

Hispania nitaipita haraka ila Granada siwezi kuiacha. Watu wanaita Alhambra kasri wakafikiria mawe ya thamani, kumbe kuta zake nyingi ni udongo mwekundu wa kilima kile kile ulioshindiliwa na chokaa. Udongo! Ndani yake mafundi wa dola ya Nasri, Waislamu waliotawala Granada, wakapamba kwa plasta iliyochongwa maandishi ya Kiarabu, na ukiwa umepita madrasa utayasoma mwenyewe ukutani, "wa la ghalib illa Allah" (hakuna mshindi ila Mungu), yamerudiwa kila mahali, mpaka mji ukaanguka Januari 1492. Tiketi ya majumba ya Nasri ina saa yake kamili, ukichelewa imekula kwako.

Na Lisbon, hapa watu wa pwani yetu wana shughuli yao. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa na mishumaa inawaka, tetemeko likapiga, likaja tsunami, na moto ukamaliza kilichobaki. Kanisa la Carmo waliliacha bila paa mpaka leo, ingia usimame katikati yake. Mtaa wa chini, Baixa, ulijengwa upya na ndani ya kuta wakaweka fremu za mbao za kuhimili mtikisiko. Kule Belém monasteri ya Jerónimos ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na humo ndo kaburi la Vasco da Gama lilipo, yule yule wa nguzo ya Malindi.

Lakini usiishie kwenye kaburi. Nenda makumbusho ya Museu Nacional de Arte Antiga ukaulize Custódia de Belém, chombo cha ibada cha dhahabu kilichokamilika 1506. Maandishi yake yenyewe yanasema mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa. Quiloa ni Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na meli zake za mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa alipe, na dhahabu ile iliyotoka Sofala (pwani ya Msumbiji ya leo) kwa biashara ikaishia kwenye kabati la kioo Lisbon. Nimeona Watanzania wanapita pale kwenda kula keki za Belém bila kujua, inauma.

Mambo ya safari kwa kifupi: Ureno, Hispania, Italia, Ugiriki na Kroatia (tangu 2023) zote ni Schengen, kwahiyo viza moja inatosha, omba kupitia nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Aprili, Mei au Oktoba ndo miezi yangu. Julai na Agosti joto linafika mahali ambapo Acropolis ya Athens imewahi kufungwa mchana kuokoa watu. Na viatu vya soli inayoshika tafadhali, marumaru ya Acropolis imesuguliwa na mamilioni ya miguu na vijiwe vya barabarani Lisbon vikilowa vinateleza vibaya sana.