Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari: acha kumwagia unga wa kapsuli

Kidonda hiki huanzaje?
Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na ya damu. Mguu hufa ganzi. Kandambili inachubua, msumari unachoma, hata panya anaguguna kidole usiku, mwenyewe hana habari mpaka aone damu kwenye shuka.

Mbona hakiumi?
Kwa sababu ya ganzi hiyo hiyo. Usisubiri maumivu. Tazama uvimbe, usaha na harufu, na ushike uone kama pana joto, maana kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi.

Nikifungua kapsuli ya antibiotiki (dawa ya kuua bakteria) na kumwagia unga wake?
Hapana. Hospitalini tunawapokea wagonjwa hao kila mara: unga umekauka ukawa gamba, ukilibandua usaha unatiririka. Kapsuli imetengenezwa imezwe. Unga wake haufiki kwenye nyama ya ndani, sembuse mfupa.

Basi nimeze amoksilini, antibiotiki ya dukani?
Hapana, tafadhali. Kidonda kisicho na maambukizi hakihitaji antibiotiki. Kinahitaji kusafishwa, kutokanyagiwa, na sukari ishuke. Chenye maambukizi mara nyingi kina bakteria mchanganyiko: Staphylococcus aureus, E. coli, Proteus, Klebsiella, Pseudomonas. Hao wawili wa mwisho amoksilini haiwawezi kwa asili yao, hata umeze dozi nzima. Wewe unahesabu vidonge, wao wanaelekea mfupani.

Hospitali wanajuaje dawa inayofaa?
Kidonda husafishwa, nyama iliyokufa hukatwa, kisha huchukuliwa kipande cha nyama kutoka ndani. Kupangusa usaha wa juu hakutoshi, kwani huokota hata bakteria wasiohusika. Maabara huwaotesha na kupima dawa ipi inawaua na ipi wameizoea. Majibu huchukua siku 2 hadi 3 au zaidi. Daktari huanza na dawa anayoona inafaa, kisha huibadilisha ikibidi. Kama umeshameza kapsuli za dukani, bakteria wanaweza wasiote kabisa. Kwa hiyo sema ulichomeza, njoo na pakiti yake. Hatukugombezi.

Naogopa watanikata mguu.
Wengi tunaowakata walikuwa nyumbani wakimwagia unga. Kidonda kidogo kikiwahiwa, mara nyingi mguu unabaki. Njoo leo, kikiwa bado kidogo. Kidole kikiwa cheusi, au ukipata homa na kutetemeka, hata kama ni saa nane usiku, njoo usiku huo huo.