Barafu ndani ya injini, jasho mgongoni mwa rubani

Mwanafunzi wa urubani akisikia kwamba barafu inaweza kuzima injini ya ndege ndogo, mawazo humpeleka Alaska. Kweli kule kuna balaa lake: nyuzi 30 chini ya sifuri, oili huwa nzito kama asali, na bomba la kupumulia injini likizibwa na barafu, mgandamizo husukuma oili nje. Ndiyo maana injini hupashwa moto kabla ya kuwashwa. Sisi wa Mombasa tuna barafu yetu, nayo huja tukiwa tumelowa jasho.

Hujificha kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Maji ya mtungi wa udongo hupoa kwa sababu yale yanayopenya nje hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Petroli inayonyunyizwa kooni mwa kabureta hufanya vivyo hivyo, kwa kasi kubwa zaidi, na hewa yenyewe hupoa inapojipenyeza pale pembamba. Joto laweza kushuka kwa nyuzi 20, hata 30. Hewa yetu ya pwani imebeba maji tele, basi mvuke huganda pale pale. Hewa ya baridi kali ni kavu. Haina cha kugandisha. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, huonya kwamba barafu hii yaweza kutokea hata kukiwa na nyuzi 38 na unyevu wa asilimia 50. Mombasa unyevu huo ni wa kawaida kabisa.

Cessna 150 yenye injini ya Continental O-200 inajulikana kwa ugonjwa huu. Injini zisizo na kabureta, zenye kudungiwa mafuta, haziupati.

Hatari zaidi ni wakati wa kushuka, tuseme unatoka Malindi na umepunguza nguvu ili utue uwanja wa Moi. Kilango cha hewa ndani ya kabureta kimebaki ufa mdogo tu. Barafu kidogo inatosha kuuziba, na kwa kuwa injini inafanya kazi kwa nguvu ndogo hutagundua mpaka utakapohitaji nguvu.

Ukiwa angani, kwa ndege yenye rafadha (panga la mbele) isiyobadilika pembe, dalili ya kwanza ni mizunguko ya injini kupungua polepole bila wewe kugusa kitu. Wengi huongeza mafuta, wakaificha dalili. Vuta mkono wa hewa ya moto, ule unaoingiza hewa iliyopashwa joto kwenye kabureta, mpaka mwisho, si nusu. Injini itakohoa na kudhoofika zaidi, maana sasa inameza maji ya barafu iliyoyeyuka. Hapo ndipo watu huingiwa na hofu wakaurudisha mkono. Uache hapo hapo ulipo. Mizunguko itapanda.

Jaribu mkono huo pia kabla ya kuruka, ila si penye vumbi, kwani hewa hiyo haipiti kwenye chujio. Soma mizunguko, vuta mkono, ngoja kidogo, kisha urudishe. Ikitulia juu kuliko ilivyokuwa mwanzo, barafu ilikuwamo tangu ukiwa chini.