Je, wembe butu ni salama kuliko mkali?

Wengi wanaonyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, huamini kwamba ukiwa mkali mno utawachanja, na kwamba uliopungua makali kidogo ndio salama. Hofu hiyo inaeleweka, hasa wembe unapopita kooni.

Usoni, hata hivyo, mambo huenda kinyume. Wembe butu huvuta unywele badala ya kuukata. Anayenyoa hulazimika kukandamiza, ngozi hutuna mbele ya makali, na hapo ndipo inapochanjika. Wembe mkali hauhitaji nguvu. Uzito wake wenyewe karibu unatosha. Mara nyingi kosa ni la mkono: wembe umeinuliwa kutoka kwenye ngozi kupita nyuzi 30 hivi, ngozi haikuvutwa ikanyooka, au wembe umeteleza kwa ubavu kama kisu kikikata nyama. Hilo la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo baya kuliko yote. Ndevu kavu nazo ni ngumu. Maji ya uvuguvugu na povu kwa dakika 2 au 3 huzilainisha.

Ukitaka kuhakikisha, pitisha wembe kwenye vinyweleo vya mkono bila kugusa ngozi. Mkali utavikata, butu utavipinda tu. Kisha papasa uso ujue ndevu zimelalia wapi, maana shingoni mara nyingi hubadili mwelekeo. Mpito wa kwanza ufuate ulalo huo.

Kwa kinyozi, kudai wembe mpya ni suala jingine, la maambukizi yanayoenea kwa damu, na ukali hauhusiki.