Kusaka makasha na mbwa: shida haiko kwenye kutembea

Wikendi ikikaribia, wenye mbwa ninaowafunza hunijia na swali lilelile: mbwa wangu atamudu kilomita ngapi? Mwenye kwenda matembezi ya kawaida namjibu hapohapo. Mwenye kwenda na marafiki, kila mmoja na mbwa wake, kusaka makasha ya jiokashi, namuuliza kwanza: mtasimama mara ngapi, na kwa muda gani? Mbwa mzima mwenye afya, aliyezoeshwa kidogo kidogo, hutushinda kwa miguu. Kusimama ndiko kunakomshinda. Karibu kila ugomvi wa mbwa ninaosimuliwa kutoka kwenye safari hizi ulizuka watu wakiwa wameinama kuchungulia chini ya jiwe.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mtu anaficha kasha lisilopenya maji, lenye daftari dogo ndani, kisha anatangaza majiranukta yake, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo. Wengine wanalifuata kwa simu au kifaa cha GPS. Ukilipata unaandika jina na tarehe, unalirudisha palepale ulipolikuta. Mchezo ulianza mara tu Marekani ilipoacha kuchakachua kwa makusudi ishara za GPS za raia, mwanzoni mwa Mei 2000. Kabla ya hapo kifaa cha mtu wa kawaida kiliweza kukosea kwa takriban mita 100, na kwa umbali huo utasaka mpaka jua lizame. Tarehe 3 Mei mwaka huohuo Dave Ulmer alificha ndoo porini huko Oregon, na miongoni mwa vitu alivyotia ndani ulikuwemo mkebe wa maharage. Siku hizi chakula hakiruhusiwi kabisa kwenye kasha, kwa sababu wanyama wanakinusa na kulivunja. Mwenye mbwa hahitaji kuelezwa mara mbili.

Lakini hata GPS ya leo haikufikishi kwenye kasha lenyewe. Simu nzuri, mahali penye anga wazi, hukosea kwa kama mita 5. Chini ya miti mikubwa au kando ya jabali, ishara hugonga na kurudi, na kosa likaongezeka. Aliyeficha naye alipima kwa kifaa chenye kosa lake. Ukikadiria duara la mita 10 kuzunguka nukta uliyopewa, una zaidi ya mita 300 za mraba za kupekua, kila kisiki na kila ufa. Watu wanne hufurahia kazi hiyo. Mbwa wanne wanaona tu kwamba msafara umekwama, kamba zimelegea, na yule jirani mwenye mkia uliosimama yuko karibu mno.

Tazama kinachotokea. Mmoja ameshika simu mkono wa kulia, kamba ameizungusha kwenye kiganja cha kushoto. Anachuchumaa. Kamba inafupika, shingo ya mbwa inavutwa chini, na mbwa wa pili anamjia uso kwa uso. Mbwa aliyeachiwa nafasi angepinda, akamzunguka mwenzake na kumnusa ubavuni, mambo yakaisha. Huyu hana pa kupinda. Anakaza mwili, mdomo unafumba, macho hayapepesi. Hapo umebakiwa na sekunde mbili hivi, na wewe umeingiza mkono kwenye shimo la mti. Kisha mwenzenu anapiga kelele “Nimelipata!”, na wote, binadamu na mbwa, wanakimbilia sehemu moja.

Kwa hiyo kundi ninaloliongoza lina sharti moja nisilolilegeza: kila tukisimama, mtu mmoja au wawili hawatafuti. Kazi yao ni mbwa tu. Wanasogea nao hatua ishirini hivi kutoka penye nukta, kivulini, kila mbwa na nafasi yake, maji kila mmoja na bakuli lake. Bakuli la pamoja ni uchokozi. Kwenye kasha linalofuata, zamu inahamia kwa wengine. Watu hulalamika mwanzoni kwamba wamenyimwa uhondo. Wakishaona msako usio na makelele, malalamiko hayarudi.

Mbwa wasiofahamiana nawakutanisha kabla ya safari, na siwakutanishi wakiwa wamesimama. Tunaanza kutembea sambamba, mita kadhaa katikati, upande mmoja, tukipunguza pengo kadiri wanavyotulia. Wakifika kasha la kwanza wameshachoka kushangaana.

Uchaguzi wa makasha nao una hesabu yake. Kila kasha hupewa alama mbili, kuanzia 1 hadi 5 kwa hatua za nusu: moja ya ugumu wa kulipata, nyingine ya ugumu wa ardhi. Wengi wenye mbwa hutazama ya ardhi peke yake. Mimi naanza na ile ya kwanza, maana ugumu wa 3 kwenda juu una maana ya kusimama sana. Alama ya ardhi nayo ilipangwa kwa miguu ya binadamu: uzio ambao wewe unauruka bila kufikiri ni kizuizi kamili kwa mbwa wa kilo 35, na daraja la wavu wa chuma, lenye matundu ya kumwonyesha mto chini yake, mbwa wengi hawalikanyagi hata kwa nyama. Soma maelezo ya kasha, tazama picha za waliotangulia.

Jihadhari pia na njia zilizojazwa makasha mfululizo. Kanuni inataka mita 161 angalau kati ya kasha na kasha, na wapo wanaofuata kipimo hicho kama mstari wa rula. Kwa mwendo wa kawaida hizo ni dakika mbili, halafu simama tena. Ni paradiso ya mwenye kuhesabu makasha, na ni kero tupu kwa mbwa. Siku yenye mbwa, ruka mengine. Hayatakimbia.

Joto sitalipitisha juujuu, kwa sababu kusimama juani ni hatari kuliko wengi wanavyodhani. Mbwa hana jasho la maana isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Anajipoza kwa kutweta. Wenye pua fupi, kama bulldog na pug, hata kutweta kwao kuna kasoro. Weka mgongo wa kiganja ardhini kwa sekunde saba; ukishindwa, nyayo zake nazo zinaungua. Mbwa akitweta mfululizo, ute ukawa mzito, akaanza kuyumba, usingoje. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee, ndipo mumkimbize kwa daktari wa mifugo. Kupoza kwanza, gari baadaye.

Na pua, je, haisaidii kutafuta? Inasaidia, ukimfunza. Kasha limeshikwa na mikono ya watu, na lililotembelewa karibuni linanukia mtu kwa mbwa. Nyumbani naanza na kikopo cha plastiki nilichokishika vizuri. Mbwa akikigusa kwa pua, analipwa kipande cha nyama, kisha nakificha mbali zaidi na zaidi. Anapoipata harufu utamjua: kichwa kinageuka ghafla kabla ya mwili, kunusa kunakuwa kwa haraka na kwa mfululizo mfupi. Mfunze atoe taarifa kwa kukaa au kulala. Asikwangue, kwa kuwa mchezo huu unakataza kuchimba ardhi, wakati wa kuficha na wakati wa kutafuta. (Dume anayeinua mguu kwenye kila kisiki ni suala jingine. Mwahi yeye kabla hajaliwahi kasha, au angalau mwambie rafiki yako kabla hajatia mkono.)

Mkirudi, kagua kupe kabla mbwa hajalala: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kinenani, katikati ya vidole. Kupe aliyeng’ang’ania mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Andika tarehe. Homa, unyonge, kukataa chakula au fizi zilizopauka katika wiki zinazofuata ni safari ya kwa daktari, na hiyo tarehe ndiyo atakayoiuliza mwanzo.