Je, wajua? Kwa nini kilabu kimoja cha ulanzi hujaa na cha jirani kikabaki kitupu

Kihesa, Iringa mjini, niliwahi kukaa kati ya vilabu viwili vinavyotazamana. Kimoja kimepakwa rangi, kina viti vya plastiki na televisheni ukutani. Cha pili ni banda la mabati yaliyoshika masizi. Mabenchi yake ni mbao zilizopigiliwa juu ya magogo, na ukichelewa kufika utakunywa umesimama. Jioni moja ya Februari, saa kumi na moja hivi, nikaamua kuhesabu watu. Kwenye viti vya plastiki walikuwa wanne, mmoja wao kalala. Bandani sikumaliza kuhesabu.

Bei ni ileile. Kinywaji ni kilekile, ulanzi, pombe ya mianzi. Nikadhani ni mazoea tu ya watu, kwamba mtu hufuata alikokunywa baba yake. Kumbe jibu lilikuwa ndani ya ndoo, na kulielewa inabidi uanzie shambani.

Ulanzi hutoka kwenye mlanzi, aina ya mianzi inayopandwa sana Iringa, Njombe na sehemu nyingine za nyanda za juu kusini. Wanasayansi huuita Oxytenanthera abyssinica. Mianzi yote ni jamaa ya nyasi, na kama nyasi, ina haraka ya kukua. Mvua zikianza, machipukizi huchomoza ardhini yakiwa hayana hata jani la kujipikia chakula, hivyo hulishwa na mashina yaliyotangulia kupitia mizizi. Chakula hicho ni maji yenye sukari. Mgema hukata ncha ya chipukizi changa, na yale maji yaliyokuwa yanapanda kulikuza huanza kudondoka nje. Chini ya kidonda hufungwa mbeta, kipande cha mwanzi chenye pingili iliyoachwa iwe kitako. Asubuhi na jioni mgema hupita, humimina kilichopatikana, kisha huchonga kipande chembamba kingine cha ncha ili kidonda kisizibe. Kazi hiyo huendelea siku hadi siku, tangu mwanzo wa mwaka hadi mvua zinapokatika, kwenye Mei hivi.

Sasa hapo ndipo mambo yanapoanza. Kutengeneza komoni, pombe ya nafaka, lazima uwe na unga, kimea, moto, na siku kadhaa za kusubiri. Ulanzi hauna mpishi. Mbeta haisuguliwi ikang'aa kama sufuria ya harusini; ndani yake hubaki hamira ya jana na juzi, na nyingine huletwa na hewa na wadudu. Tone la kwanza likigusa kitako cha mbeta, hamira huanza kula sukari na kutoa pombe pamoja na gesi ya kabonidayoksaidi, ileile inayoipa soda mapovu. Kwa maneno mengine, ulanzi huanza kuwa pombe ukiwa bado juu ya mti.

Na hauna kituo. Ulioshushwa asubuhi, baada ya usiku wa baridi ya milimani iliyoipunguza hamira kasi, ni mtamu, mweupe kama maji ya mchele, na watu huuita mtogwa. Jua likipanda, utamu unapungua na ukali unaongezeka. Kufika jioni au kesho yake umekuwa mkangafu, ambao nguvu yake hukaribia ya bia ya kawaida na wakati mwingine huizidi ujanja, kwa sababu unateleza. Bakteria nao wamo kazini muda wote huo, wakiuongezea uchachu. Ukiachwa zaidi wazi kwenye hewa, pombe yenyewe huliwa na bakteria wengine na kugeuka siki. Hapo hata mlevi wa kuzaliwa hukunja uso.

Nifungue mabano kidogo. Wako wanaowapa watoto mtogwa wakisema haujawa pombe. Umeshakuwa, ila kidogo, na kila saa inayopita unaongezeka. Ukiuona una mapovu, ujue hamira imeshakula.

Turudi Kihesa. Bia ya chupa iliyotoka kiwandani Mbeya ni ileile Tunduma, ni ileile Makambako, na itamsubiri mteja kwa miezi. Ndiyo maana baa za bia hushindana kwa viti, muziki na friji. Ulanzi haumsubiri mtu. Kwa hiyo kilabu chenye wateja wengi humaliza mzigo wa asubuhi kabla haujaharibika, kinaagiza mwingine mchana, na anayekuja jioni anakuta kitu kibichi. Kilabu chenye wateja wachache hubaki na nusu ndoo. Kesho mwenye kilabu anaona uchungu kumwaga, anaongezea mpya juu ya ule wa zamani, na hamira ya jana iliyokwisha kuzaana inaushambulia mpya kwa kasi. Saa nane mchana ndoo nzima imekaza na kuchacha. Wateja wawili wanaonja na kuvuka barabara. Keshokutwa nusu ndoo inakuwa robo tatu.

Kumbe wale waliosimama bandani hawakuwa wanafuata mkumbo. Umati wenyewe ulikuwa ushahidi kwamba ulanzi wa pale haujalala.

Lakini umati hauji wenyewe, na hapa ndipo nilipomvulia kofia mama wa lile banda. Siku hiyo nilipata nafasi mwisho wa benchi, karibu kabisa na ndoo zake. Zilikuwa tatu, zimefunikwa sahani za bati.

"Kamwene," nikamsalimu Kihehe changu cha kubahatisha.

"Kamwene, mwanangu. Unataka wa leo au uliokaza?"

Swali hilo tu linatosha kukuonyesha umefika mahali panapojua kazi. Ndoo ya kwanza ilikuwa na mtogwa wa mchana, ya pili ulioshinda tangu asubuhi, ya tatu mkangafu. Mzee mmoja aliyevaa koti zito alinyoosha kopo lake: "Mama, huu wa jana umenizidi, nipunguzie." Mama akamwagia mkangafu robo tatu ya kopo, akajaza mtogwa juu, akazungusha mara moja kwa mkono, akampa. Mwingine akataka kinyume chake. Dada mmoja aliyetoka sokoni akataka mtogwa mtupu lakini "wenye kamuwasho kidogo", naye akapata vijiko viwili vitatu tu kutoka ndoo ya tatu. Kila mtu na mchanganyo wake, na mama anaikumbuka mikono ya watu kuliko majina yao. Dar es Salaam hotelini kuna vijana wanaolipwa kwa kazi hiyohiyo, wamevaa tai.

Nikamuuliza kwa nini asichanganye ndoo nzima mara moja apumzike. Akacheka. "Ukichanganya kwenye ndoo, mwanangu, huu mtamu unaliwa. Ukirudi baada ya muda hakuna mtamu tena." Na kweli, sayansi yake ni hiyohiyo: ukiweka mtogwa ndani ya mkangafu umewapelekea hamira wenye njaa sukari mpya. Ndani ya kopo mteja atamaliza kabla hawajafika mbali. Kabla ya kumimina aliinama na kusogeza sikio kwenye ndoo ya pili. Nami nikainama. Mapovu yalikuwa yanapasuka mfululizo, kama mvua ya mbali juu ya bati. Akisikia yamepungua, anajua sukari inaelekea kwisha, na ndoo hiyo inapandishwa daraja kuwa ya tatu.

Hili la mapovu nilijifunza kwa gharama yangu mwenyewe. Mwaka mmoja nilinunua dumu la lita tano nikawapelekee marafiki Dar, nikalikaza mfuniko vizuri kama mtu mwenye akili. Tulipoanza kushuka Kitonga, ile milima ya baridi ikabaki nyuma na joto la bonde likaingia ndani ya basi. Hamira hupenda joto, na kona za Kitonga zilitikisa zilivyotaka. Karibu na Ruaha Mbuyuni mfuniko uliruka. Nilinuka ulanzi hadi Ubungo, na abiria wa kiti cha mbele alinuka pamoja nami. Wenyeji hulegeza mfuniko, au huutoboa tundu dogo. Kila mtu basini alilijua hilo isipokuwa mimi.

Jambo la pili linalotenganisha vilabu ni maji. Waswahili wa pwani walishalisemea zamani kuhusu tembo la mnazi: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Milimani ni vilevile, ila anayetia maji si lazima awe mgema. Dumu la lita ishirini hupita kwa mgema, mchuuzi mwenye pikipiki na mwenye kilabu, na kila mmoja ana ndoo ya maji karibu. Ulanzi uliotiwa maji huonekana mwembamba, na utamu wake hukatika ghafla ulimini. Wengine huurudishia utamu kwa sukari ya dukani. Huo utaujua kwa kuwa mtamu bila ile harufu ya kijani, ya jani lililokatwa sasa hivi. Mama wa bandani alikuwa na mgema wake mmoja kutoka upande wa Kilolo, miaka na miaka, na alikuwa anaonja kila dumu kabla ya kulipa.

Maji yana ubaya mwingine mkubwa kuliko wizi. Ulanzi hauchemshwi, kwa hiyo uchafu ulioingia humo haujapitia moto popote. Uchachu wake huwadhoofisha baadhi ya vijidudu, wala si wote. Ndiyo sababu kipindupindu kikitokea, vilabu vya pombe za kienyeji ni miongoni mwa sehemu za kwanza kufungwa. Mimi hutazama makopo yanaoshewa wapi, na kama kuna chujio. Nyuki hupenda mbeta kuliko sisi, na baadhi yao huzamia humohumo.

Nyama, viazi vya kukaanga, maneno ya mpira na siasa za kata, hivyo utavikuta kila mahali. Nimekula kitimoto kizuri sana kwenye kilabu ambacho ulanzi wake nilimwaga nje kwa siri.

Julai mwaka huohuo nilirudi Kihesa. Baridi ya kukata masikio, mvua zimesahaulika, milanzi imenyamaza. Bandani zile ndoo tatu zilikuwa zimefuliwa na kupinduliwa juani, na mama alikuwa anauza komoni.

"Ulanzi umekwisha, mwanangu. Njoo mvua zikinyesha."

Ng'ambo ya barabara, kwenye viti vya plastiki, ulanzi ulikuwepo, tena mtamu kweli.